Maganda ya Chini ni ya Mwenyewe

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo ukungu wake haujanitoka machoni mpaka leo. Nilikuwa nimeolewa karibuni huku Wamaza, na mama mkwe alinituma kuchuma maharagwe mabichi kwenye kiwanja cha jirani yetu, bibi aliyekwisha kufariki. Nyumba yake ilikuwa imeanguka, lakini maharagwe yake yaliendelea kupanda miti ya kuta zake mwaka kwa mwaka, bila mkono wa mtu. Yalikuwa ya aina ndefu, ganda laini lisilo na nyuzi. Mbegu yetu ilikuwa imeliwa na fukusi ndani ya chungu, kwa hiyo aina ile ilibaki pale tu.

Mama mkwe aliniagiza neno moja: "Ya juu chuma. Ya chini uache yakauke, iko ya mwenyewe."

Nilicheka moyoni. Mwenyewe si yuko kaburini? Tena wachimba dhahabu walionunua maharagwe kwetu waliningoja njiani, na mmoja wao alikwisha kunitania: "Mama Maharagi, leta yote. Makavu yanaiva tukiisha kuzeeka." Nikachuma juu, nikachuma na chini.

Nilipomaliza mti wa mwisho nikasikia nyuma yangu maganda makavu yakilia, cha-cha-cha. Nikageuka. Hapakuwa na upepo, wala ganda kavu hata moja. Mlio ukahama, ukawa pale palipokuwa na mlango. Nikajitwika kikapu, nikaenda zangu.

Nilimsimulia mama mkwe nikidhani atanicheka. Akachungulia kikapu.

"Uliacha ngapi, mutoto?"

"Sikuacha hata moja."

"Basi alikuwa anatafuta mbegu yake."

Mvua zilipokaribia tulirudi wawili. Mashina yalikuwa yamekauka. Chini ya mti wa mwisho, mahali ambapo naapa mikono yangu ilipita, lilining'inia ganda moja kavu, likitikisika peke yake. Ndani mlikuwa na punje nne. Mama mkwe akachukua tatu. Ya nne akaifukia palepale, akasema, "Pole, mama," wala hakuwa akisema nami.

Haya unayokula leo yametoka kwenye zile tatu. Wazee wetu walituambia kwamba maharagwe hayakuzaliwa kwetu. Yalivuka bahari, yakafuata misafara mpaka soko la Nyangwe, mkono ukipokea kutoka mkono. Kila mkono ulibakiza kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, livunje ganda: likikatika kwa mlio na punje hazijavimba, hilo ni la chungu. La mbegu liache shinani mpaka lilie lenyewe, kisha uhifadhi punje katika majivu, fukusi wasizione. Akiba haiozi. Na siku ukisikia cha-cha-cha pasipo upepo, usiende zako kama mimi. Tazama kwanza umeacha nini chini.

Mungu akupe mikono inayojua kuchuma na inayojua kuacha, na ajaye nyuma yako asikute miti mitupu.