Picha ya Mwanamke wa Eda

Joha alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu: mwanamume yeyote asiione picha ile mpaka atoke eda. Mumewe, Shomari, alizikwa Tanga bila yeye kuwapo, maana ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Basi eda akaikalia kwenye chumba cha uani, nyumbani kwa bosi wake Madam Anna, mtaa wa Oud Metha huko Uarabuni, akipika na kufua katika nguo zake nyeupe. Madam, mchoraji wa Kizungu, alimkuta siku moja ameketi sakafuni, kichwa wazi, nywele timutimu, analia. Badala ya kumpa pole akakimbilia rangi. Watu hawa!

"Wachoraji wakubwa walikuwa na mwanamke aliyewachochea kuchora," Madam alimwambia, akimfunulia kitabu kinene cha picha za kale. Joha akagusa mtumishi mweusi aliyeshika sinia nyuma ya bibi wa Kizungu.

"Huyu aliitwa nani?"

"Hakuna anayejua," alijibu Madam, akafungua ukurasa mwingine.

Zilipobaki siku kumi na moja eda iishe, Madam akaalika wageni wa alasiri, wanaume kwa wanawake, na picha akaitundika sebuleni.

"Madam, tuliahidiana."

"Joha, ni rangi tu. Wewe utakuwa jikoni, nani atakuona? Khalas, yameisha."

Rangi tu! Macho yale yalikuwa yake, na kilio kile chake. Madam alipokwenda kuoga, Joha akatafuta cha kuifunikia. Shuka zote zilikuwa kwenye mashine. Akabaki na kanga moja, zawadi ya mwisho ya Shomari, ambayo hakuwahi kuifua. Akaibana kwa pini juu ya picha, na wageni wakaingia Madam hajatoka chumbani.

Doris, mfanyakazi mwenzake kutoka Moshi, ndiye aliyepeleka sharubati na kurudi na habari.

"Dada, wanaipenda! Wanauliza nani kabuni kuifunika. Madam anasema yeye."

Mara ya pili alirudi mbio. "Yule mgeni tajiri, Sir Sulaiman, anainunua. Anaitaka na kanga yake!"

Madam mwenyewe akatokea mlangoni, anacheka. "Nitakununulia kanga kumi, Joha."

"Ile siiuzi, Madam."

Kicheko kikakatika. "Basi nenda kaitoe mwenyewe, mbele yao."

Joha alijua amebanwa. Akiiacha, kanga ya marehemu inakwenda zake. Akiitoa, wanaume wote wale watamwona pichani kichwa wazi. Na kwa vyovyote vile, Madam akikasirika, kesho tiketi ya kurudishwa nyumbani iko mkononi.

Joha akajifunika ushungi hadi machoni, akaingia sebuleni. Akaishusha picha ikiwa bado imefunikwa, akaigeuza, akaiegemeza uso ukutani, ndipo akachomoa pini moja moja. Kanga akaikumbatia kifuani.

"Eda yangu haijaisha," alisema kwa Kiswahili. Mle ndani ni Doris peke yake aliyeelewa.

Kisha Sir Sulaiman akapiga makofi, na sebule nzima ikamfuata, wakishangilia mgongo wa picha.

Madam Anna akamtazama Joha, akawatazama wageni wake. Kisha akaweka mkono kifuani, akainama kuyapokea makofi.