Watazamaji hewa walivyomtoa Mama Zuhura Gikomba

Wakuu, hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana, lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Anayebisha aje Gikomba upande wa suruali, aulize Baba Njoki ni nani.

Nimeuza mitumba tangu nikiwa na nywele kichwani. Shule niliacha mapema. Nyumba nimejenga, watoto nimesomesha, sijawahi kuomba jirani chumvi. Kwa hivyo msinisahihishe Kiswahili, nisikilizeni.

Kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha Mama Zuhura, mjane wa Kiislamu, anauza gauni. Aliachiwa na marehemu mumewe. Soko liliwahi kuungua, tukajenga tena pamoja, mimi nashika mbao, yeye anapiga misumari.

Ukiachia nafasi Gikomba, wakuu, huipati tena. Hiyo jueni kwanza.

Sasa akaja kijana mmoja, tumwite Brayo. Simu mbili, kiatu cheupe kwenye matope yetu. Anajiita meneja wa live, zile video za kuuza nguo moja kwa moja kwa simu.

"Mama, watu siku hizi hawatembei. Soko liko kwa simu. Nikusimamie, utasahau hii tope."

Mwanzoni ilikuwa sawa. Kwa ile live waliingia akina mama wachache wa Dandora, wateja wake wa zamani. Wanauliza, "Hiyo itapita hii tumbo yangu kweli?" Anacheka, anawajibu, anauza.

Halafu Brayo akachukua account akaishika yeye. Viewers wakapanda mpaka maelfu. Mioyo inaruka kwa screen kama bisi kwa sufuria. Comments zinashuka kama mvua: nice, nice, beautiful, nice.

Wale wa Dandora wakauliza size, swali likazikwa. Wakauliza tena. Wakatoka.

Mauzo? Hakuna. Mtu anaandika "niwekee hiyo," ukimpigia, simu imezimwa. Brayo anasema ati algorithm, ile mitambo ya app inayoleta wateja, bado inapata moto. Na yeye analipwa kila wiki, moto uwake usiwake.

Siku moja Mama Zuhura akaniambia, "Baba Njoki, nataka kuachia kibanda. Kule niko na maelfu, na hawanipigii kelele kama hawa wa hapa."

Hapo nikashtuka.

Hawapigi kelele?

Mnaojua Gikomba mnajua. Inua nguo yoyote. Mmoja atasema, "Hiyo si ya marehemu?" Mwingine, "Mzee, unauza ama unafanya maonyesho?" Mteja wa kweli anaitukana nguo kwanza, ndiyo anunue. Anayesifu ana haja na kitu kingine. Mimi sijawahi kuona umati wenye adabu ukinunua.

Nikamwambia. Akakasirika.

"Wivu haukufai, Baba Njoki. Na hiyo mvi yote ya ndevu."

Lakini Jumamosi nikamwomba, niruhusu nikushikie nguo kwa live yako, mara moja tu. Akakubali. Brayo hakuwa karibu.

Nikachukua suruali kutoka kwangu, imeraruka makalioni. Nikapitisha ngumi kwenye lile tundu mbele ya simu. Nikasema, "Mpya kabisa, haijavaliwa."

Comments: nice quality. Love it dear. Nice.

Mama Zuhura akaacha kukunja nguo.

Nikaigeuza ile simu ikatazama bati la ukuta. Bati tupu lenye kutu. Tukawa tunaangalia mioyo ikipanda.

So beautiful.

Viewers wakaongezeka.

"Wanapenda bati," akasema polepole. Halafu, "Geuza simu, Baba Njoki. Geuza."

Nilidhani nimeshinda, wakuu. Nikamwambia, sasa umejionea, achana na mambo ya kuachia kibanda.

Akaonyesha mlango kwa kidevu. Kufuli iliyokuwa inaning'inia pale haikuwa yake. Mnunuzi wa kibanda alikuwa ameiweka asubuhi hiyo, mbele ya wazee wa soko, na mimi nilikuwa nimeenda kufungua bale la mitumba. Kwetu kufuli ikibadilishwa mbele ya wazee, maneno yameisha. Nilimwendea yule mnunuzi hata hivyo. Akaniambia, "Mzee, wewe ungerudisha?"

Nisingerudisha. Sitawadanganya.

Nikamwambia Njoki wangu aandikie wenye ile app, aeleze yote. Walijibu. Wakafuta watazamaji hewa, wale wa kununuliwa wasio watu, na wakafunga account. Ya nani? Ya Mama Zuhura, ati ndiyo iliyovunja sheria. Brayo hakuguswa. Juzi nimemwona Jericho sokoni na mama mwingine, anamshikia simu.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona umati kwa live, usihesabu vichwa, sikiliza mdomo. Onyesha kitu kibovu. Geuza simu kwa ukuta. Hakuna wa kukutukana? Basi hakuna mtu. Na ufanye hivyo kabla hujaachia ulichonacho mkononi, kwa sababu ukweli ukichelewa unakuumiza tu.

Mama Zuhura sasa anauza kutoka chumba chake Dandora, account mpya. Jioni huwa naingia. Mara nyingi niko peke yangu mle ndani. Anainua gauni, anaisifia, hakuna moyo hata mmoja unaoruka.

Mimi ndiyo naandika: "Hiyo kwapa imeshonwa na fundi mlevi."

Anasoma. Anatabasamu kidogo. "Na wewe, macho ya kuona kwapa za watu uliyatoa wapi?"

Halafu anainua nyingine.

Wakuu, nani mwingine amekutana na hawa mameneja wa live? Mlifanyaje? Na mkimpata mama anauza kwa live na hana mtu, ingieni. Msimwandikie nice. Mtukanieni nguo.