Mkono wa Kushoto na Farasi Watatu

Mwaka nilioanza kazi ya kuhudumia wazee hapa mjini Buffalo, nilipangiwa mama mmoja Mrusi aliyeishi mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Kiharusi kilikuwa kimeua mkono wake wa kulia, na mkono huo ndio uliomlisha tangu usichana wake. Kwao alikuwa mchoraji wa vijisanduku vyeusi. Karatasi hubandikwa tabaka juu ya tabaka, hulowekwa mafuta na kuokwa mpaka ziwe ngumu kama ubao, kisha hupakwa vanishi nyeusi. Juu yake huchorwa watu wadogo sana. Punje ya mchele inatosha kumfunika mmoja uso.

Mezani kwake kilibaki kimoja alichokiacha nusu: farasi watatu wakivuta kigari kwenye theluji, bado weupe watupu, hawajatiwa rangi.

Mwanawe wa kiume aliishi mbali, Westerville, nje kidogo ya Columbus. Kila wiki alipiga simu kumsihi auze nyumba, ahamie kwake. Siku moja mama alikata simu akanigeukia. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu.

"Nimemwambia kwanza nimalize farasi."

"Kwa mkono upi, mama?"

Akauinua wa kushoto.

Majira yale yote ya baridi alijifunza upya. Alichora mistari kwenye magazeti, ikapinda kama nyoka, akageuza ukurasa, akaendelea. Mimi nilitayarisha rangi. Alinifundisha kutenga kiini cha yai, kukiviringisha kiganjani hadi ute uishe, kukitoboa, kukikoroga na siki na maji, ndipo unga wa rangi uingie. Nilimwambia kwamba katika kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikokulia, yai lilikuwa chakula cha mgonjwa.

"Basi na mimi ni mgonjwa," alisema. "Pasua jingine."

Siku alipothubutu kugusa kijisanduku, brashi ya manyoya ya kindi iliteleza ikaharibu uso wa mwendesha kigari. Akaufuta. Akauchora tena, akaufuta tena. Nilipoona machozi nikasema, "Mama, pumzika. Inatosha."

"Hilo nitalisema mimi."

Na kesho yake nilimkuta amekwisha kukaa mezani kabla sijavua koti.

Dhahabu ilikuja mwisho, michirizi myembamba kwenye hatamu na manyoya ya shingo. Aliichora mwenyewe. Lakini haing'ai mpaka isuguliwe kwa jino la mbwa mwitu lililofungwa kwenye kijiti, na hilo linataka nguvu. Akanipa jino. Nililipitisha juu juu tu, bila kukandamiza.

"Umelea watoto," akasema. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Dhahabu ikawaka.

Theluji ilipoyeyuka mwanawe alikuja. Alikisogeza kijisanduku dirishani, akakikagua.

"Miguu ya farasi haifanani na ile uliyokuwa ukichora," alisema.

"Ile ilichorwa na mkono mwingine. Huu bado mtoto."

Yule bwana alicheka, kisha akajifuta macho.

Mama alikubali kuhama, ila kwa sharti: apewe chumba chenye mwanga mzuri, na meza iingie kabla ya kitanda. Baadaye mwanawe aliniambia kwa simu kwamba mama ameshaanza kijisanduku kingine, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kufagia nyumba vanishi ikiwa haijakauka, vumbi lisije likanasa.