Baragumu la Onisimu

Wifi yangu Matrona ana kichwa kigumu. Nasema hivi nikimpenda, na nimemwambia usoni mara nyingi tu. Kaka yangu Onisimu alipofariki, wanaume wa kijijini walidhani sehemu yake ya msitu itakwenda kwa mdogo wetu Karpi, na mjane abaki nyumbani kushona viatu vya ngozi. Thubutu! Theluji ya kwanza ilipoanguka, Matrona alifunga vibao vya kutelezea miguuni, akaenda kutega vicheche peke yake. Tulishaanza kumlilia. Akarudi na gunia la manyoya na kidole kimoja kimekufa kwa baridi.

Tangu hapo mwaka wake ndio huo. Majira ya baridi ni mitego, na dubu pia, Matrona akibahatika kumkuta mmoja amelala ndani ya mti wenye uwazi. Barafu ya mto wetu wa Bikin ikianza kupasuka hakuna anayekwenda popote; tunakula samaki wakavu na kununiana. Kiangazi anajibanza mtumbwini kuvizia kulungu wanaoshuka kula majani ya majini. Akikuta nyayo za chui milia, hazikanyagi. Anainamisha kichwa, anasema, "Mzee, tunapita tu," kisha anashika njia nyingine.

Lakini mwindaji anajulikana vuli, majani yakipukutika na kulungu dume wakinguruma kutafuta majike. Unashika baragumu la gome la mti. Halipulizwi, unavuta pumzi kwa ndani. Dume akisikia anadhani kuna mwenzake kaja kumpora wake zake, basi anakuja mbio kupigana. Tatizo ni kwamba ukimdanganya kulungu vizuri, unamdanganya na mwenye bunduki. Ndiyo maana msimu huo kila mtu hubaki upande wake wa mlima.

Baragumu la Onisimu lilikuwa na ufa alioziba kwa utomvu. Sauti ikifika mwisho ilikatika, kama mtu mwenye kohozi. Madume hayakuweza kuivumilia, yalikuja tu. Alipokufa tulifanya kama inavyopasa: tulivunja kisu chake, birika lake na vibao vyake, tukaviacha kaburini. Kitu kizima hakivuki kwenda kwa wafu, na marehemu haondoki ikiwa kitu chake kimebaki huku nyuma. Baragumu alipewa Matrona alivunje. Akaliweka juu ya goti, akalitazama, kisha akalisukumiza zima chini ya magome yaliyofunika kaburi.

"Wifi, vunja!" nikamnong'oneza.

"Nimeshavunja."

"Mimi si kipofu."

"Basi fumba macho."

Nikaondoka nimevimba kwa hasira.

Vuli iliyopita nilifuatana naye msituni nikamsaidie kubeba nyama. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, huoni hata mti wa pili. Matrona akavuta baragumu lake. Bondeni dume likajibu. Akavuta tena, na safari hii jibu lilikuwa karibu, mwisho wake ukimezwa na kishindo kama cha pembe zikigonga vichaka. Akanipa baragumu, akainua bunduki. Vichaka mbele yetu vikatikisika, nikaona kitu cha rangi ya kahawia kikisogea. Kidole chake kikaingia kwenye kifyatulio.

Kikanguruma tena. Mwisho wa sauti ukakatika, kama mtu mwenye kohozi.

Nikashika mti. Naijua sauti ile tangu utotoni mwangu. Matrona alikuwa mweupe kama unga.

"Ni yeye," akasema.

Huku kwetu marehemu akiita hajibiwi. Ukimjibu, unamfuata. Nikamkamata koti. "Usifungue mdomo wako, Matrona! Nakuomba!"

Na mle kichakani nikaona mtutu wa bunduki ukitokeza polepole, unatuelekea sisi. Tukinyamaza tunapigwa risasi, tukijibu tunachukuliwa.

Matrona akashusha bunduki yake chini. "Onisimu!" akapiga kelele. "Kama umenifuata, toka nikuone!"

Kichakani ikatoka sauti ya mtu anayetaka kulia: "Shemeji? Usipige! Jamani, ni mimi Karpi!"

Akatoka na koti lake la kahawia, baragumu la marehemu likining'inia shingoni. Maskini Karpi, maisha yake yote wanamcheka kwamba akiita kulungu utadhani ng'ombe anazaa. Lakini huruma ilinijia baadaye. Kwanza nilimzaba kofi.

"Mshenzi! Unamwibia kaka yako kaburini, halafu unakuja kuita huku upande wetu?"

"Dada, nilipotea kwa ukungu. Na lilikuwa zima! Ningelikuta limevunjwa ningeligusa? Nilijua ameniachia mimi."

Nikamgeukia Matrona. Alikuwa ameketi juu ya majani yenye maji, bunduki pembeni.

"Nusura nikuue, shemeji," akasema. "Nililiacha kwa sababu sikutaka aende. Basi. Hebu livute mara moja tu nimsikie."

Karpi akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa akubali. Akavuta, sauti ikapanda, ikafika mwisho, ikakatika. Matrona alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. Alipomaliza akanyoosha mkono, akapokea baragumu, akaliweka juu ya goti na kulivunja vipande viwili.

"Nenda sasa, mume wangu. Nimekuchelewesha."

Ng'ambo ya bonde dume la kweli likanguruma, likawa linakuja. Karpi akashika bunduki.

"Liache," Matrona akasema. "Hilo linamjibu Onisimu."

Tukapitia kaburini kuacha vile vipande, tukarudi nyumbani bila nyama.