Bani Iliyoungua Nikiwa Kwenye Bugi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Usinitulize. Watu hupenda kuniambia, "Ah, mzee, ulikuwa ujana tu." Ujana gani? Nilikuwa na miaka ishirini na akili zangu timamu.

Zama hizo za Ujamaa kijiji chetu, huko upande wa Isikizya, kililima tumbaku ya pamoja na kuikausha kwenye bani moja, jumba la matofali ya udongo lenye tanuru chini. Moto wa bani hauachwi. Unaulisha kuni kidogo kidogo, siku sita au saba mfululizo. Ukiuzidisha, majani makavu yakidondokea mabomba ya moto, hamna tumbaku wala bani. Zamu ziligawiwa kwa nyumba, na kila nyumba ikapangana yenyewe.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Asubuhi alikaa shemeji yangu Kalunde, mke wa kaka yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mchana nikampokea mimi. Lakini mjini Tabora, kwenye ukumbi mmoja wa Kanyenye, palikuwa na bugi, dansi la mchana: vijana wanne na magitaa yao, wanapiga nyimbo walizotunga wenyewe, hawaigi santuri za mtu. Nilikuwa nimeshashonesha pekosi, suruali iliyofagia barabara. Kalunde alipoondoka tu, nikashindilia magogo manene tanuruni ili yanifae hadi nirudi, nikadandia lori.

Muziki ulikuwa mtamu, sitakudanganya. Yule mrefu alipolishika gitaa lake nilisahau hata jina langu. Lori la kurudi likaniacha, nikalala mjini. Jumapili asubuhi nikafika kijijini, nikakuta majivu.

Watu wote walikuwa wamekusanyika. Mwenyekiti akauliza, "Nyumba yenu, nani alikuwa motoni?"

Kalunde akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi," akasema.

Wakamhukumu kuchota maji ya kufyatulia matofali ya bani mpya, kiangazi kizima, peke yake. Na mimi nimesimama pale na pekosi yangu!

Mzee Maganga, fundi wetu wa moto, akanivuta pembeni. Mkononi alishika kipande cha gogo kilichobaki tanuruni.

"Shikamoo, baba," nikaanza.

"Shikamoo yako kaa nayo. Hili hakuliweka Kalunde. Yule huchanja kuni nyembamba. Hili limewekwa na mtu mwenye safari." Akalitupa miguuni pangu. "Mimi sitakusema. Jiseme mwenyewe, na iwe leo."

Leo ile sikusema. Kesho yake sikusema. Nikawa nampita Kalunde njiani, debe kichwani, maji yanamtiririka usoni, nami namsalimia kwa adabu zote. Mnafiki mkubwa! Nikangoja hadi bani mpya ilipoezekwa, ndipo nikasimama mkutanoni nikasema ukweli. Unajua walifanya nini? Walinipigia makofi. Eti kijana jasiri. Makofi, mwanangu!

Nyumbani nikampigia Kalunde magoti. Hakunifokea. Alisema tu, "Ungesema debe likiwa bado kichwani kwangu."

Basi sikiliza. Sikukatazi muziki. Nenda, cheza mpaka shati lilowe. Ila zamu yako mkabidhi mtu kwa mdomo, naye akubali, ndipo uondoke. Na ukiharibu, sema wakati maneno yako bado yanaweza kumtua mwenzio mzigo. Kungoja amalize adhabu yako ndipo uungame, huko ni kujipaka mafuta wewe mwenyewe, na mimi sijajisamehe mpaka leo. Mungu akupe ulimi mwepesi saa hiyo itakapokufika, na asikuonjeshe makofi kama yale niliyopigiwa mimi.