Ubao wa Mashua ya Jirani

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Milimani, akanionyesha kwenye simu msichana amesimama juu ya ubao baharini, wimbi linambeba. "Dani, huyu haogopi?" Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Nikamwambia huyo amechelewa, wimbi lilishampita nusu. Akacheka. Alidhani namtania.

Sikiliza basi. Mimi nilikulia Dunga, kando ya ziwa, kwa nyanya mzaa baba. Kazi yangu ilikuwa kugeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani na kufukuza ndege. Mchana, upepo ukigeuka na kuanza kutoka ziwani, alikuwa ananiachilia. Nilikuwa na ubao wangu, nimeung'oa kwenye mashua iliyooza pale ufukweni, nalala juu yake kwa tumbo. Mwanzoni nilimeza maji mpaka nikatapika. Nyanya alikuwa amekaa anaparua samaki, hata kichwa hainui.

"Unaangalia lile linalokuja," akasema. "Hilo limeshakupita. Angalia la nyuma yake."

Alinifundisha hivyo, kwa mdomo tu, kisu mkononi. Wimbi lenye povu juu limechoka, liache. Lililovimba bila povu, lenye tumbo jeusi, hilo ligeuzie mgongo, uanze kupiga miguu kabla halijakufikia. Siku moja nikalipata. Likaniinua, likanipeleka mpaka mchangani kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Sijafurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Shida ilikuwa ule ubao. Siku hizo mwanamke hapandi mashua ya kuvulia. Akipanda, samaki wanakimbia, ndivyo walivyosema. Mimi nilidhani mashua ikishaoza si mashua tena. Jirani yetu, mwenye mashua ile iliyooza, alirudi na nyavu tupu siku mbili mfululizo, akaja uani kwetu, kiboko mkononi.

"Mama, huyu msichana wako amepanda mashua yangu."

"Ni ubao tu, Baba," nyanya akasema.

"Ubao wa wapi? Na nani amemfundisha huo ujinga?"

Nilimtazama nyanya, nikamngojea. Akachukua shoka, akaupasua ubao mbele ya yule mzee, akautia motoni chini ya samaki wa kukaushwa. "Nenda ugeuze omena," akaniambia.

Samaki wale niliwala. Nilikuwa na njaa.

Siku hizi Dunga wanawake wana mashua zao, wasichana wanapiga kasia na kupigwa picha. Mwiko ulikufa kimyakimya, wala hakuna aliyepita nyumbani kutuambia. Mawimbi nayo, gugu maji likifunika ziwa, yanafia huko mbali. Ufukweni maji yanatikisika tu.

Nyanya alikufa nikiwa na watoto tayari. Nilimwosha, nikamlilia inavyotakiwa. Watu wananiambia siku ile aliniokoa na kiboko cha jirani. Huenda. Lakini mimi sikuogopa kiboko. Alipoulizwa nani amenifundisha, nilitaka aseme neno dogo tu: "Ni mimi."