Kiti cha Tano cha Wiebe

Wiebe Terpstra alikuwa mfungua daraja ili mashua zipite, mjini Franeker, Uholanzi, mpaka alipostaafu. Mashua zilipochelewa, alizidisha namba kwa ileile tena na tena, akagawanya, akatupa jibu na kuweka baki. Wenzake walikusanya stempu; yeye alikusanya mabaki, na aliyapenda kuliko alivyowapenda wenye mashua.

Hata siku ya kuzaliwa kwake hakuyaacha. Wageni walikaa kwa duara, kama ilivyo desturi ya huko, kwenye viti sita vyenye namba. Sahani ya keki ilianza kiti cha kwanza, chake mwenyewe. Kiti kilichofuata alikipata kwa kuzidisha namba ya kiti, kugawanya kwa saba na kushika baki. Mwaka jana alizidisha kwa tatu, kila mtu akala. Mwaka huu akachukua mbili bila kujaribu, maana akili yote ilikuwa kwa dada yake, Froukje. Tangu mazishi ya baba yao walikuwa hawasemezani, na leo angekuja.

Alikuja, akawapa wote mkono wa heri, akakaa kiti cha tano.

Sahani ikaenda moja, mbili, nne. Nne mara mbili, nane. Toa saba, moja. Ikarudi kwa Wiebe. Ikaenda mbili tena, nne tena, ikarudi tena.

"Mzee, mbona unajilisha peke yako?" akauliza mkewe, Jeltje, kutoka kiti cha sita.

"Subirini, itafika."

"Itafika lini, Pasaka?"

Wageni wakacheka. Wiebe akapiga hesabu upya kichwani. Kwa mbili, keki ingezunguka kwa watu walewale watatu mpaka kiama.

Froukje akainuka, akachukua koti lake. "Nimeelewa, Wiebe. Kwenye hesabu zako mimi simo."

Mwenye akili timamu angekata kipande akampa. Wiebe hakuwa mtu huyo. Alisimama, akiogopa kumpoteza mara ya pili.

"Dada, nimekosea namba mimi. Kaa kwenye kiti changu. Kila nikizidisha, sahani inarudi hapo."

"Na wewe?"

"Nitakaa cha tano."

Froukje akamtazama, midomo ikamcheza, akakaa na koti mkononi. Sahani ikamjia, ikamjia tena. Wiebe, kwenye kiti cha njaa, alitabasamu mpaka masikioni.

"Hutaki hata kidogo, kaka?"

"Hesabu ni hesabu."

Froukje akamega nusu ya kipande chake, akavuka katikati ya duara mpaka kiti cha tano, bila kuzidisha wala kugawanya.

"Fungua kinywa, mjinga wewe."